Anti, mke wangu alikua anapigia kigelegele mpaka mtungi wa gesi, nikamkataza, saivi nyumba imepoa

Anti shikamoo. Mimi ni mwanaume wa miaka 38, fundi umeme wa magari, gereji yetu iko maeneo ya Gerezani, nimepanga vyumba viwili Tandika na mke wangu na watoto wawili, binti yuko la pili na dogo ana miaka minne. Mwezi wa tisa tunatimiza miaka 10 ya ndoa. Sijawahi kuandika sehemu kama hizi, tena nlikua nawacheka wanaoandika, kwaiyo naomba usinichambe sana japo najua utanichamba tu.

Iko ivi. Mke wangu anakaanga vitumbua asubuhi hapo nje kwetu, mchapakazi kwelikweli, saa kumi alfajiri kashawasha jiko. Ila tangu namuoa ana tabia moja, anashangilia vitu ambavyo watu hawashangilii. Maji yakitoka mchana bila kutegemea, kigelegele. Dogo alivyojua kuvaa kandambili bila kugeuza miguu, kigelegele, alafu ikanunuliwa soda moja ikagawanywa glasi nne tukagonganisha kama tuko ukumbini. Vitumbua vikiisha kabla ya saa mbili anaoga, anajipaka poda, anavaa kanga mpya anakaa barazani, ukimuuliza safari ya wapi anakwambia siendi popote, leo vimeisha mapema. Siku tuliyomaliza rejesho la mwisho la friji alilifunga utepe. Utepe Anti, friji lenyewe la mtumba.

Miaka yote hiyo nlikua namuangalia tu. Wakati mwingine nacheka, wakati mwingine nampita. Sasa kwetu ni nyumba ya kupanga, uwani tuko wapangaji sita, kikilia kigelegele watu wanatoa vichwa, kuna nini kuna nini, nae anajibu kwa sauti bila aibu, gesi! Na hilo la gesi ndo lililoleta yote haya.

Mwezi wa nne akapiga picha mtungi wetu ule mdogo wa kilo 6 akauweka stetasi, ameandika "wiki ya sita leo na bado unawaka, Alhamdulillah", na makopakopa mekundu. Mafundi wenzangu wana namba yake mana wanaagizaga vitumbua. Nafika kazini nasikia hongera bwana mtungi, mtungi hajambo, mtungi kaamkaje. Mpaka leo naitwa Mtungi. Juzi kaja mteja na Noah yake taa haziwaki, jamaa kamwambia hiyo mpe Mtungi, na mteja nae kaniita kaka Mtungi kwa heshima zote.

Siku ile nilirudi nyumbani nimefura. Nikamwambia umaskini wetu usiutangaze, kila siku soda, kila siku biskuti, hela zenyewe za kuokoteza, subiri tumalize nyumba ndo ufanye hizo sherehe zako mpaka uchoke. Nikamwambia na mama yangu amesema raha ukiitangaza inapigwa jicho. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema "sawa baba". Basi.

Nyumba ninayoisema ni boma letu lipo Mbande, tulianza 2019, tofali kwa tofali, lenta tumemwaga 2023, saivi tunatafuta bati. Siku ya lenta aliniambia tukae kidogo hapohapo chini tule hata mihogo ya yule mama wa barabarani, nikamwambia tusubiri bati, tukapanda daladala tukarudi, nikalala.

Sasa tangu aseme sawa baba ni miezi mitatu. Hajanuna. Angenuna ningejua pa kuanzia. Anapika, ananiandalia maji ya kuoga, ananiuliza habari za kazi, kila kitu kipo ila kigelegele hakipo tena. Stetasi hakuna. Mwanzoni nliona nimeshinda, nyumba imetulia. Wiki mbili zilizopita binti kang'oka jino, kalibeba kiganjani anamkimbilia mama yake, mama leo hupigi? Mke wangu kanigeukia mimi kidogo tu, alafu kamwambia mtoto "baba amechoka, karushe juu ya bati". Mtoto katoka nje kalirusha peke yake, kimya. Anti usiku ule sikulala vizuri.

Alafu juzi kavaa kanga imeandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Hilo jina ni mimi naambiwa au ni kanga tu?

Nimepanga kurekebisha. Jamaa wa kazini wamenishauri hiyo siku ya miaka 10 nimfanyie sapraizi, hoteli ya ufukweni, keki ya ghorofa mbili, mpiga picha, jumla nimepiga kama 350,000, itabidi nitoe kwenye hela ya bati. Je nikifanya ivo atarudi kua kama zamani? Na nikimwambia aanze tena kushangilia sitaonekana sina msimamo, mwanaume nimesema alafu narudisha? Na huu utani wa kazini nitaufanyaje?

Mtungi, Tandika.

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Nakuchamba kidogo tu, mana umeshajichamba mwenyewe kwenye hilo jino.

Nianze na mtungi, nakuhakikishia hujauelewa, wewe na gereji yenu nzima. Mtungi wa kilo 6 kwenye nyumba ya watu wanne, wawili watoto, wa kuchemshiwa uji, wa kupashiwa chakula, unafikaje wiki ya sita? Haufiki wenyewe. Kuna mtu anainjika maharage kwenye makaa yaliyobaki ya vitumbua. Kuna mtu analoweka choroko usiku ziive haraka, anafunika sufuria, anazima moto dakika mbili kabla wali haujakauka anaacha uive kwa mvuke wake. Hayo yanafanyika wewe uko Gerezani unakata nyaya. Alafu anapata wiki mbili za ziada, ambazo ni hela hajakuomba, na hela ambayo hujaombwa wewe unaipeleka wapi? Mbande. Yule mwanamke alikua anakupigia kigelegele cha bati lako, na wewe ukasikia umaskini.

Soma tena barua yako utaona karibu kila alichoshangilia ni kazi ya mtu. Vitumbua kuisha mapema, kazi. Rejesho la friji, kazi tena ya miezi mingi. Dogo na kandambili, nani alikua anamrudishia mguu wa kushoto kushoto kila asubuhi? Maji ndo bahati, hayo nakupa, lakini mtu mwenye ndoo kumi za kujaza asishangilie maji ashangilie nini.

Wewe unashabikia Simba au Yanga? Usinitajie, sitaki ugomvi na wasomaji. Najua tu jioni za mechi unapita kibanda umiza. Goli likiingia dakika ya 12 huwa unakaa kimya unasema tusubiri ligi iishe ndo nishangilie? Unaruka. Unamkumbatia mtu ambae hata jina humjui, na pengine jezi yake jasho tupu. Goli lenyewe linaweza kurudishwa dakika mbili mbele na bado hujutii kuliruka. Basi mkeo anacheza ligi ndefu kuliko hiyo na anashangilia goli kwa goli, wewe ndo ulimpa kadi.

Hilo la subiri nyumba nalo nina neno. Mwaka 1978 huko Marekani, mtafiti anaitwa Brickman na wenzake wawili waliwatafuta watu 22 walioshinda bahati nasibu ya jimbo la Illinois, hela nyingi, wengine mpaka dola milioni moja. Wakawauliza vitu vya kawaida tu, kifungua kinywa, kupiga stori na rafiki, kusikia utani, kusifiwa, vinakupa raha kiasi gani? Wakawauliza na watu wa maeneo hayohayo ambao hawajashinda kitu. Walioonja raha kidogo kwenye hivyo vitu ni wale walioshinda. Watu 22 ni wachache, usiibebe kama msahafu, ila mimi nimeiona kwa macho yangu hapa hapa Dar. Mtu anasema nikipaua nitapumua. Akipaua anataka jipsamu, jipsamu ikiisha anataka marumaru, marumaru zikiisha jirani kaweka geti la umeme, na yeye bado hajapumua, na waliotakiwa kupumua nae wameshazoea kukaa kimya. Lenta mmemwaga, miaka minne ya tofali kwa tofali, na mkapanda daladala mkarudi ukalala! Hata mhogo. Mhogo na pilipili na chumvi unauogopa nini mwanangu?

Sasa tuje kwenye kinachokuuma kweli, mana wewe hukukasirikia soda. Uliumia kuchekwa. Hapo nakuelewa, sikubezi, mwanaume kuitwa Mtungi mbele ya mteja sio kitu kidogo. Na mama yako nae ana hoja yake, sie Waswahili raha tunaifunika kwa kawa, hatuianiki. Kwaiyo ungeweza kabisa kumwambia mke wangu naomba ya ndani yabaki ndani, stetasi tuache, mafundi wenzangu hawana dogo. Angeelewa, mtu anaesikiliza mpaka mwisho bila kukatiza huwa anaelewa. Ila wewe ulibeba kosa moja la stetasi ukafungia na kigelegele, na soda, na utepe, na mihogo ya 2023, vyote kwenye gunia moja ukatupa. Alafu ukamuweka na mama yako juu yake. Yani hapo ndo ulipoharibu zaidi, mama mkwe akitajwa kwenye ugomvi wa gesi, mke hana tena cha kusema zaidi ya sawa baba.

Kuna mwanasaikolojia mwingine, mwanamama, Shelly Gable, yeye na wenzake mwaka 2004 waliangalia kitu ambacho wengi tunakiruka. Kila mtu anajua mwenzako akipata shida umsaidie. Wao wakauliza, je akikuletea habari njema unaipokeaje? Kuna anaeshika simu anasema mh vizuri bila kuinua macho. Kuna anaebadilisha mada. Kuna wa kutoboa, ah lakini utaweza kweli, ah lakini hela. Na kuna anaeacha kinachofanyika anauliza, enhee, ikawaje? Huyo wa mwisho tu ndo mapokezi yake yaliendana na ndoa zenye maelewano. Sasa jipime. Umesema mwenyewe, "wakati mwingine nacheka, wakati mwingine nampita". Miaka kumi mtu anakuletea jambo mkononi unampita, na bado kesho analeta lingine. Kwa kweli ana moyo, mimi ningeacha mwaka wa pili.

Nikwambie la kwangu kidogo japo hujaniuliza. Mimi naishi Kigamboni, navuka na pantoni, na mzee wangu ni mkaidi kuliko wewe. Daraja lipo tangu 2016 ila yeye ukimwambia tupite darajani anaona kama umemwibia. Ana upande wake wa kusimama kwenye pantoni, kulia, anasema upepo wa kushoto una chumvi zaidi. Karanga za jero kwenye karatasi, zangu mimi anazimenya ganda lile jekundu mana anajua silipendi. Ni dakika chache tu mmeshafika Magogoni mnasukumwa kama mbuzi. Miaka mingi nliona ushamba, mtu mzima na karanga mbele za watu. Siku alipolazwa, nikavuka peke yangu kumpelekea uji, nikajikuta nimesimama kulia. Alipona, mkaidi hafi haraka. Ila tangu siku hiyo karanga nanunua mimi.

Haya, hoteli na keki. Usifanye. Piga hesabu na mimi, soda na biskuti zake tuseme 1,500 kwa mara moja, hiyo 350,000 yako ni sherehe 233 na chenji ya 500 inabaki. Akifanya mbili kwa wiki ni zaidi ya miaka miwili ya vigelegele. Na wewe ulimwambia anapoteza hela! Alafu unaitoa kwenye bati, bati ambalo yeye analibania gesi, atakaa kwenye hiyo hoteli anakata keki huku anahesabu bati ngapi zimeondoka, na atatabasamu kwenye picha kwa adabu tu. Mafundi wenzako wanajua magari.

Na usimwite ukamkalisha chini kumwambia kuanzia leo nimekuruhusu kushangilia. Furaha ya kibali ikoje? Atasema sawa baba tena na utabaki hapohapo. Unachotakiwa ni uanze wewe, na kitu chako, sio chake. Wewe huwa hupati hata kidogo cha kufurahia huko gereji? Ile gari iliyosumbua mafundi watatu wewe ukakuta ni waya mmoja umeliwa na panya, siku hiyo unarudi nyumbani unamwambia nani? Nadhani hakuna. Basi mwambie. Rudi na soda moja, ita watoto, dai glasi nne, na usielezee sana. Utaona aibu, mdomo utakua mzito, binti atakushangaa. Acha akushangae. Kigelegele usipige wewe, tafadhali, wapangaji wataita mjumbe.

Ukishamaliza hiyo, siku mtakayokua wawili, muombe radhi kwa jambo moja tu, la mihogo. Sio kwa mambo yote, ukiomba kwa yote utaanza kujitetea. Mwambie siku ile ya lenta ulitaka tukae nikakataa, nimekumbuka. Alafu Jumapili moja nendeni Mbande wote, saivi ni kipupwe jua sio kali, mkae humohumo ndani ya boma lisilo na bati, kila mtoto aoneshwe chumba chake, mle. Kama yule mama wa mihogo bado yupo mnunue kwake. Binti mwambie jino likitoka lingine litarushwa bati la kwao. Msimamo wako usiuwazie, mtu aliyekosea njia akageuza gari hatumuiti hana msimamo, na wewe ni fundi, unajua hasara ya kuendelea kuendesha taa ya injini inawaka.

Utani wa kazini dawa yake fupi. Siku wakikuita Mtungi waulize wao ya kwao inafika wiki ya ngapi. Wengi hawajui, nakuapia. Wakishindwa kujibu agizia wote vitumbua kwa bei ya jumla.

Kanga. Mimi nina kanga mbili nimezinunua kwa ajili ya rangi na maneno yake sijawahi kuyasoma mpaka shoga yangu aliponiuliza unamsema nani. Kwaiyo inaweza isiwe wewe. Ila kama ni wewe, isome vizuri neno la mwisho kabla hujaogopa, angekua kachoka angevaa nyingine, zipo Kariakoo zimejaa.

Uniandikie baada ya Mbande. Na uniambie mtungi wenu saivi uko wiki ya ngapi, bila kumuuliza yeye kwanza.